Paa na Kisima: Habari za Ujenzi wa Masasi na Newala

Fundi mwashi mmoja wa Newala, mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, aliukunjua mchoro wetu juu ya mifuko ya saruji, akaukandamiza pembe nne kwa mawe ili upepo usiuchukue, akautazama kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, mvua ikinyesha, maji ya paa hili yatakwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba yapo mabomba mawili nyuma ya ukuta, nayo yatayashusha maji mpaka chini.

"Chini wapi?"

"Chini tu, Mzee. Mchangani."

Akaukunja mchoro taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani. "Basi mmechora nyumba ya Unguja," akasema.

Hakukusudia kunitukana. Alikwisha kujua kwa lafudhi yangu nitokako, na alilolisema lilikuwa kweli. Sisi wa visiwani tumelelewa katika nchi ambayo kisima hakiko mbali, na mjini tumekuwa tukiletewa maji kwa mabomba tangu Seyyid Barghash alipoyavuta kutoka Chemchem katika karne ya 19. Mvua kwetu ni mgeni mwenye vurugu. Kazi ya paa ni kumtoa nje upesi kabla hajaharibu dari. Kule Newala mambo ni kinyume chake, na nilikuwa nimefanya kazi katika nchi ile miaka mitatu pasina kulifahamu hilo.

Ofisi yetu ilikuwa Mtwara mjini, na ilikuwa na watu wanne. Alikuwapo msanifu majengo mwenye ofisi, ambaye muhuri wake ndio uliokuwa ukipigwa juu ya kila mchoro. Mimi mchoraji wake. Mkadiriaji majenzi aliyekuwa akija siku tatu kwa wiki kwa kuwa siku nyingine alikuwa na kazi pengine. Na dada mmoja aliyeshika daftari la fedha, simu, na birika la chai ya tangawizi, ambaye kwa hakika ndiye aliyekuwa akiiendesha ofisi. Vyumba vilikuwa viwili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hata harufu ya rangi ikawa ndiyo harufu ya nguo zetu. Umeme ulipokatika tulirudi kwenye meza ya mbao na karatasi ya kufuatishia, na mwenye ofisi alifurahi waziwazi, maana alisoma zamani, siku ambazo mkono ulikuwa bado una heshima yake, na aliamini kwamba mtu anayechora kwa kalamu hupata nafasi ya kujuta kabla ya mstari kwisha.

Kazi zetu hazikuwa za kutajwa magazetini: zahanati, nyumba za walimu, ghala la chama cha ushirika, na nyumba za watu binafsi waliojaaliwa kupata fedha za korosho. Kalenda ya ofisi ilikuwa kalenda ya mkorosho. Mwezi wa Oktoba minada ilipofunguliwa, simu zililia. Kufikia Machi zilikuwa kimya, na dada yetu alianza kuwapigia wadaiwa kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko ukali. Msimu wa mwaka 2018 tuliuona mkubwa. Wanunuzi walisita, Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalichelewa kwa wakulima wengi, na yaliyochelewa kwao yalichelewa kwetu. Michoro sita ilibaki kabatini ikiwa imefungwa kwa kamba, kila mmoja una jina la mtu anayengoja.

Ndiyo sababu bweni la wasichana lilipotufikia mwaka 2019 tulilipokea kwa mikono miwili, na labda kwa haraka iliyozidi. Lilikuwa bweni la wanafunzi themanini, katika shule moja ya sekondari upande wa Newala. Kamati ya ujenzi ilitaka paa la kujificha. Kwa msomaji asiyezijua nyumba hizi: ukuta hupandishwa kupita paa, bati likalazwa nyuma yake kwa mteremko mdogo, na mpita njia haoni ila sanduku jeupe lililonyooka. Watu huziita nyumba za kontemporari. Zilienea Dar es Salaam, zikashuka mpaka Mtwara, na kufikia mwaka ule zilikuwa zimekwisha kupanda uwanda wa Makonde. Tulichora kama tulivyoambiwa. Mchoro ulipendeza, na huo ndio uliokunjuliwa juu ya mifuko ya saruji.

Ili swali la yule mzee lieleweke, yafaa kwanza nchi yenyewe ielezwe. Uwanda wa Makonde ni kama meza iliyoinama: upande wa mashariki huteremka polepole kuelekea Bahari ya Hindi, na upande wa magharibi huinuka mpaka kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha hukatika ghafla. Newala imekaa kwenye ukingo huo. Mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huona nchi imeondoka chini ya miguu yake, na mbali zaidi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Masasi haiko juu ya meza. Iko chini, magharibi, katika tambarare yenye vilima vya mawe matupu vinavyochomoza kama ng'ombe waliolala.

Juu ya meza mvua si haba. Kwa wastani hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka, nayo hunyesha takriban yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini ardhi ni mchanga mwingi uliokwenda chini sana. Maji huingia mara moja yasionekane tena, hakuna mto, hakuna ziwa, na yanapojitokeza hujitokeza kwenye miguu ya uwanda, katika chemchemi za bondeni. Wanaozifaidi ni watu wa chini: chemchemi za Mbwinji ndizo zinazonywesha Masasi na Nachingwea. Watu wa Newala huinyeshewa mvua. Watu wa Masasi huinywa. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani walishuka ukingo alfajiri na kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwaka, na katika miezi ya kiangazi safari hiyo ilikula nusu ya siku.

Kwa nini basi watu wakajenga juu? Swali hili halikuanza nasi. Mwaka 1906 alifika huko Profesa Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, akiwa na kamera na mashine ya kunasia sauti, akakaa Newala na Mahuta majuma mengi akichunguza kila kitu: ufinyanzi, unyago, ngoma, na nyumba pia. Aliandika hata juu ya makufuli ya mbao ya milango ya Wamakonde pamoja na funguo zake, nami naikumbuka sura hiyo kwa sababu ni nadra kumwona msafiri wa wakati ule akiinama kutazama kufuli la mtu mweusi kwa makini badala ya kulivunja. Ndiye aliyeiandika pia, katika kitabu chake cha mwaka 1908, hadithi ya asili ambayo wazee wa uwandani wanaisimulia hadi leo kwa namna mbalimbali. Hapo kale alikuwapo mtu mmoja peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha nje, na asubuhi akaikuta ni mtu. Wakateremka mtoni, mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakapanda mahali pa juu kidogo, wa pili akafa vilevile. Wakapanda juu kabisa, na wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa ni wasia kwamba watu wajenge juu, mbali na maji makubwa.

Mimi si mtaalamu wa hadithi, lakini nimeisoma kama mtu wa majengo, na naona ndani yake sheria ya ujenzi kongwe kuliko zote nilizopata kuzisoma ofisini. Bondeni kuna homa na kuna njia za watekaji. Juu kuna vichaka vilivyosokotana ambavyo mgeni hapiti. Atakayejenga juu amechagua uhai wa mtoto na kukubali uzito wa mtungi. Malipo ya uchaguzi huo yalitolewa na wanawake, na hilo halimo katika wasia, bali limo katika njia zilizochimbika kwa nyayo kwenye ukingo.

Masasi ilijengwa kwa hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo ilianzia kwetu Unguja. Wasomaji wa kisiwani wanalijua Kanisa la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwezi Juni mwaka uleule. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, ambaye sisi wapenzi wa lugha tunamjua zaidi kwa sarufi yake na kwa hadithi alizozikusanya. Hakuwa msanifu kwa taaluma. Alisimama mwenyewe juu ya kazi, akachanganyisha kokoto za matumbawe na saruji, na akaliezeka kanisa kwa kuba refu la mviringo ambalo watu wa mjini walilitabiria kuanguka. Halikuanguka. Watembeza watalii husimulia kwamba nguzo fulani za ndani ziliwekwa kichwa chini miguu juu na mafundi wasioelekezwa, askofu alipokuwa safarini. Huenda ni kweli, huenda ni porojo. Ninachokiona ni kwamba katika kanisa zima, mafundi wale wanakumbukwa kwa kosa hilo moja tu, na kuba lisiloanguka limebaki la askofu.

Mwezi Oktoba mwaka 1876, kanisa likiwa bado linaendelea kujengwa, Steere alipanda meli kwenda Lindi akifuatana na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wanaume 31 na wanawake 24, waliokuwa wakiishi Mbweni. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi za Nyasa walikotekwa wengi wao. Walikwenda kwa miguu kutoka pwani, na walipofika penye vilima vya Masasi hawakutaka kwenda mbele zaidi. Palikuwa na maji, palikuwa na udongo mzuri, na hapakuwa na wenyewe wengi. Hapo wakajenga.

Nimejaribu mara nyingi kuipiga picha kazi ile ya kwanza. Watu hamsini na watano, waliotoka makabila mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili cha Unguja. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuziona kuta za mawe zikipanda Mkunazini na Mbweni. Sasa wamesimama mahali pasipo na matumbawe, chokaa ya pwani, boriti za mikoko wala makuti. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo na nyasi, kama za wenyeji, lakini zilipangwa kwa mistari kama kijiji cha misheni. Mchoro wa kijiji ulitoka kisiwani, na nyumba zenyewe zikatoka porini. Hii ndiyo ofisi ya kwanza ya ujenzi ninayoifahamu katika nchi ile, na haikuwa na karatasi.

Haikudumu. Steere alifariki Unguja mwezi Agosti mwaka 1882. Mwezi uliofuata Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliishukia Masasi, wakaua, wakachukua mateka, wakachoma. Watu waliokombolewa mara moja wakatekwa mara ya pili. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa misheni, aliwahamisha waliosalia wakapanda Newala kwa Matola, mfalme wa Kiyao aliyekuwa na nguvu kule juu. Hivyo watu wa Unguja nao wakaufuata wasia wa Wamakonde pasina kuujua: wakajenga juu, wakaanza kushuka kuteka maji. Baadaye Masasi ilijengwa tena, ikaporwa tena wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena. Mwaka 1926 ikawa makao ya dayosisi, na kanisa lake kuu liko Mtandi, chini ya mlima wa jiwe. Nimelizunguka kanisa hilo mara kadhaa nikiyatazama mawe yake, nikifikiri kwamba mji uliochomwa mara nyingi ndio unaojifunza kujenga kwa kisichoungua.

Juu uwandani jiwe halikuleta nafuu, kwa kuwa shida haikuwa ukuta. Nafuu ililetwa na bati.

Hapa itanibidi nihitilafiane kidogo na mtu mkubwa. Mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi waliokuwa wakingoja saruji na mabati ilhali udongo wa kuchomea matofali na vigae uko chini ya miguu yao. Aliiona tamaa hiyo kuwa ni aina ya ugonjwa wa akili, na saruji aliitaja kwa jina la dhihaka lililotumika wakati ule, kuwa ni udongo wa Ulaya. Kwa sehemu kubwa ya nchi nadhani alisema kweli, na bwana wangu ofisini alikuwa akiyarudia maneno hayo kila mteja alipokataa tofali la kuchoma. Lakini mtu wa Newala aliyeuza korosho zake akaondoa nyasi akaweka bati hakuwa akitafuta ufahari tu. Maji ya paa la nyasi hutoka mekundu kama chai iliyokaa, yana takataka na wadudu. Maji ya bati hutoka meupe. Siku alipoezeka bati alikuwa amechimba kisima hewani, na mkewe akapumzika kushuka bondeni kwa miezi kadhaa ya mwaka. Vigae navyo huteremsha maji, hilo sikatai. Lakini vigae ni vizito, vyataka kenchi za mbao nene, na vyataka udongo wa mfinyanzi ambao mchanga wa uwandani hautoi kwa wingi.

Ndipo zikazagaa zile ambazo kule nazo huitwa visima, ingawa hazina chemchemi: mashimo yaliyochimbwa kando ya nyumba, yakajengewa na kupigwa lipu ya saruji, yakafunikwa, na gata za bati zikayamiminia mvua ya masika. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma kwa mashine kutoka chini hadi juu, na baada ya hapo Wafini walisaidia miradi ya maji ya vijijini Mtwara na Lindi kwa miaka mingi. Lakini maji yanayopandishwa kwa mashine husimama mashine inaposimama, na watu wa uwandani walijifunza kutokiacha kisima chao hata siku mabomba yalipokuwa yakitoa.

Yote haya hayakuandikwa katika michoro. Msomaji wa majarida ya usanifu atazijua nyumba za watawala na makanisa ya maaskofu. Hatamjua aliyekuwa wa kwanza kuinamisha gata kuelekea shimo.

Kuna jengo moja, hata hivyo, lililolitamka jambo hili kwa sauti kubwa, nalo halipo Newala bali Dar es Salaam. Bwana wangu alikuwa na desturi ya kumpeleka kila kijana mpya akalitazame Soko la Kariakoo kabla hajamruhusu kushika kalamu. Lilisanifiwa na Beda Amuli, aliyesoma Haifa, akafanya kazi na wasanifu wa Kiisraeli, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe, Mwafrika wa mwanzo wa Afrika Mashariki kufanya hivyo katika fani hii. Soko lilifunguliwa na Rais Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake kama mti uliokunjua matawi, kwa kuwa masoko yetu ya asili yalikuwa chini ya miti. Na kwa kuwa miavuli imegeuzwa, haimwagi maji nje. Huyakusanya katikati na kuyateremsha kwenye hifadhi iliyo chini.

Nilikwenda kulitazama mwaka 2016. Nilisifu umbo, nikapiga picha, nikarudi Mtwara na kusema ni zuri. Bwana wangu akaniuliza nimeona nini, nikamwambia miti. Akatikisa kichwa, asinifafanulie. Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimesimama Newala na mchoro wangu uliorudishwa, ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimetazama gata kubwa kuliko zote nchini nisiione. Tarehe 10 Julai mwaka 2021 soko lile lilishika moto, na siku ile, kabla ya kufikiri bidhaa za watu, kwa muda mfupi ambao naona haya kuutaja, nilifikiri miavuli.

Waarabu, ambao kwao tuliipata hesabu kubwa ya istilahi za ushairi, huuita mstari wa shairi bayt, yaani nyumba, na kwa neno hilo sisi tumepata ubeti. Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, ambaye wanahistoria humhesabu kuwa wa asili ya Oman, alipopanga elimu ya mizani katika karne ya 8 aliziita sehemu zake kwa majina ya hema: kamba, na kigingi. Nalitaja hili kwa sababu wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa shairi, nao wanajua jinsi mtu anavyoweza kuzipatia vina na mizani zote na shairi likawa halishiki maji. Mchoro wetu ulikuwa wa namna hiyo. Vipimo vilikuwa sawa, madirisha yalikuwa sawa.

Nilirudi Mtwara jioni ile kwa basi, nikamweleza bwana wangu. Hakukasirika. Alizima kompyuta yangu kwa mkono wake mwenyewe, akanipa karatasi. Tukapiga hesabu ambayo ilitupasa kuipiga tangu mwanzo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la bweni lilikuwa na mita za mraba 240. Kwa mvua ya milimita 1,000, na tukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kukauka, ni lita 192,000. Wasichana themanini, kila mmoja lita tano za kunywa na kupikia kwa siku, kwa siku 180 za kiangazi, ni lita 72,000. Kisima cha mita tano kwa tano, kina cha mita tatu, kingezibeba. Katika mchoro wa kwanza maji hayo yote tuliyaelekeza mchangani, na wasichana tuliwaelekeza ukingoni, alfajiri, na ndoo.

Fedha hazikutosha kwa kisima na kwa paa la kujificha pamoja. Mkadiriaji wetu alizigeuza takwimu siku tatu. Tukirudi kwenye paa la kawaida, lenye mteremko mkali na mabati yanayotokeza nje ya ukuta, na tukiacha dari ya ukumbini na marumaru za sakafu, kisima kingepatikana. Kamati ikakutana chini ya mwembe, nasi tukaitwa. Mwenyekiti alisikitika, alisema shule jirani imepata jengo la kisasa, na sisi tunawaletea nyumba kama ya babu yake. Kijana mmoja akasema serikali italeta maji, mradi umekwisha kutangazwa. Bwana wangu alijibu kwa upole kwamba anaiombea heri, lakini hawezi kutia muhuri wake juu ya tangazo.

Akasimama mama mmoja, mjumbe wa wazazi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi. Alisema: "Ndugu mwenyekiti, na wewe mwanangu mwenye ramani. Mimi nilisoma hapa darasa la saba. Nimefika darasani siku zote kipindi cha pili. Sikufaulu. Sina la zaidi." Akaketi. Kura zilipigwa kwa mikono, na mikono ya wanawake ilipanda yote.

Yule mzee ndiye aliyepewa kisima. Alikataa kuta za tofali za saruji tulizozichora, akazijenga kwa mawe aliyoyaagiza kutoka Masasi kwa lori la mtu anayefahamiana naye, akaipiga lipu mara tatu, na kila mara aliifunika kwa magunia mabichi asiruhusu mtu kuikaribia. Alitufunza pia jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichokisoma. Juni hadi Septemba wakulima hupuliza salfa juu ya mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule wa manjano husafiri kwa upepo ukalala juu ya mabati ya mji mzima. Kwa hiyo mvua za mwanzo si za kunywa. Akatutaka tuweke bomba la kugeuza njia, lenye kifuniko cha kufunga kwa mkono, ili mvua ya kwanza na ya pili zimwagwe kwenye bustani. Nililichora bomba hilo kama alivyolieleza, na tangu hapo nimelichora katika kila kazi yangu ya nchi ile.

Mvua za mwaka 2020 zilianza kunyesha kwa vishindo mwezi Desemba. Nilikuwapo, kwa kuwa tulikwenda kukabidhi funguo. Ya kwanza ikaenda bustanini, ikiwa na rangi ya manjano hafifu, na ya pili ikaifuata. Ya tatu ilikuja usiku. Tuliisikia juu ya bati mpaka tukashindwa kuzungumza. Asubuhi mzee alikifungua kifuniko, akachukua ufito mrefu aliokwisha kuukata alama kwa kisu, akauteremsha mpaka ukagusa chini, akautoa. Ulikuwa umelowa shibiri moja na vidole viwili.

"Mwezi gani huu?" akaniuliza.

"Desemba, Mzee."

Akaufuta ufito kwa kiganja, akauegemeza ukutani mahali ambapo wasichana wataufikia, akaenda kutafuta kofia yake.